Presha, sukari, figo, damu: mjomba anaumwa nini hasa?

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni msichana wa miaka 27, nipo Tandahimba. Mgonjwa ni mjomba wangu, kaka yake mama. Kwetu Wamakonde unajua mjomba ni nani. Huyu ndiye aliyetulea, akatusomesha kwa mikorosho yake, na katika ukoo wetu hakuna posa inayojibiwa wala shamba linalogawanywa bila yeye. Sasa ana miaka 61 na tunamwona anakwisha machoni petu.

Miaka kadhaa nyuma aliambiwa ana presha. Akapewa vidonge, akawa anameza akijisikia vibaya na kuacha akipata nafuu. Baadaye wakasema ana sukari. Mwaka huu, wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, alianza kukohoa, sote tukajua ni lile vumbi. Msimu wa salfa umekwisha, kikohozi kipo palepale. Kisha miguu ikavimba, ukiibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Tukampeleka hospitali moja, wakasema moyo umechoka. Nyingine wakasema ni figo. Ya tatu wakapima damu ikawa 8, wakatupa vidonge vya kuongeza damu. Mtaalamu wa macho naye akasema macho yameharibiwa na sukari. Vidonge vya presha vimebadilishwa mara mbili. Kila karatasi ina ugonjwa wake, na kila daktari ana dawa zake.

Kaka yangu mkubwa amechoka. Anasema hawa wanabahatisha, hakuna binadamu anayeweza kuugua moyo, figo, damu, macho na kifua kwa mpigo, huu ni mkono wa mtu. Kuna ugomvi wa mpaka wa shamba tangu mwaka juzi, na mganga aliyemwendea amemthibitishia hivyo. Ushahidi wake mwingine ni sukari. Zamani mjomba akipimwa ilikuwa 14 au 15, siku hizi ni 5, mara nyingine 4. Kaka anasema dawa za mganga zimeiponya sukari, na hayo mengine yatafuata. Kwa hiyo vidonge vya presha ameacha, vya sukari bado anameza asubuhi kwa mazoea.

Mkazamjomba anamnywesha juisi ya rosela kila siku lakini damu haipandi. Asubuhi anampa lita nzima ya maji ili yasafishe figo. Chakula anakisukumia mbali, anasema kinanuka. Mgongo ukimuuma ananunua diklofenaki duka la dawa, na anasema katika dawa zote hizo ndizo anazoona zinafanya kazi. Usiku siku hizi analala kwenye kiti barazani, maana chumbani anasema hewa ni nzito.

Naomba unieleze mama. Ni kweli mtu anaweza kuwa na magonjwa yote haya kwa pamoja? Tuanze kutibu lipi? Kaka anataka tusubiri mnada wa korosho ufunguliwe, tukipata fedha tumpeleke Dar es Salaam akapimwe upya kila kitu.

Mpwa, Tandahimba

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na umfikishie mjomba pole yangu.

Nianze na jambo ambalo hukuniuliza. Umeandika mwishoni, kwa kupita tu, kwamba mjomba analala kwenye kiti. Katika barua yako yote hilo ndilo lililonishtua zaidi. Mtu mwenye miguu iliyovimba akilala chali, maji yaliyokuwa yametuama miguuni mchana kutwa yanarudi kwenye mzunguko wa damu. Moyo wenye nguvu unayapokea na kuyasukuma. Moyo uliochoka unashindwa, na damu inarundikana nyuma yake. Nyuma ya upande wa kushoto wa moyo kuna mapafu, basi maji yanavujia kwenye vifuko vya hewa. Ndiyo maana akikaa anapata pumzi na akilala anakabwa. Hewa ya chumbani haina kosa lolote.

Mpelekeni hospitali kesho asubuhi. Ikiwa anashindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, midomo imebadilika rangi, au anakohoa povu lenye damudamu, msingoje kuche. Mkifika mapokezi msianze na historia ya presha. Semeni kwanza: “Hawezi kulala chali, anakosa pumzi.” Maneno hayo yatamtoa kwenye foleni. Mnada wa korosho una siku yake, na mjomba hawezi kuingoja.

Sasa swali lako. Ndiyo, mtu anaweza kuwa na yote hayo. Na kwa jinsi ulivyoyapanga kwenye barua yako, sioni magonjwa matano. Naona habari moja iliyoanza na presha na sukari visivyotibiwa kwa mfululizo, ikapita kwenye mishipa midogo ya damu, na kila daktari akaikuta mahali pake. Aliyeshika moyo aliona moyo, aliyepima damu aliona damu. Sidhani kama kuna aliyekosea. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuziweka karatasi zote mezani na kuzisoma pamoja, na lawama hiyo siwatwiki nyinyi. Wagonjwa wengi huku kusini hutangatanga hivyo, zahanati hadi hospitali, na kila mahali wanafunguliwa daftari jipya.

Nikueleze figo kwanza, maana nadhani ndiko fundo lilipo.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kiasi cha lita 5 za damu kila dakika, yaani karibu damu yote aliyonayo mwilini. Katika hizo, kama lita 1 hupita kwenye figo. Figo mbili, kila moja haizidi ngumi, zinapokea sehemu ya tano ya kazi yote ya moyo. Kwa siku nzima huchuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu yote, zikabakisha lita moja na nusu hivi ya mkojo. Kazi hiyo hufanyika kwenye vichujio vidogo mno, kila figo ina kama milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha vimishipa vyembamba kuliko unywele.

Vimishipa hivyo ndivyo presha na sukari vinavyoviharibu. Fikiria chujio la tui lililotumika mpaka nyavu zake zikalegea: tui linapita, na machicha nayo yanapita. Kinachopita kwenye figo za namna hiyo ni protini, ambayo haikutakiwa kutoka. Muulize mjomba kama mkojo wake una povu lisilokatika upesi. Protini inayopotea zaidi inaitwa albumini, hutengenezwa na ini, na kazi yake moja kubwa ni kuyashika maji yabaki ndani ya mishipa ya damu. Ikipungua, maji yanatoka nje ya mishipa na kutuama pale uzito unapoyavuta, yaani miguuni. Kwa hiyo uvimbe wa miguu unaweza kutoka kwenye moyo, unaweza kutoka kwenye figo, na kwa mjomba nadhani vyote viwili vinachangia. Kuna pia vidonge fulani vya presha, amlodipini kimojawapo, ambavyo vyenyewe huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Daktari lazima ajue alikuwa anameza kipi.

Presha yenyewe usidhani ni ya moyo peke yake. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kaka yako akipaelewa hapa hatasema tena kwamba moyo na figo haviwezi kuugua pamoja. Figo zikihisi damu inayozifikia ni kidogo, humwaga kwenye damu kitu kinachoitwa renini. Renini hukutana na protini iliyotengenezwa na ini na kuikata. Kipande kinachopatikana husafiri mpaka kwenye mishipa ya mapafu, huko kikabadilishwa tena na kuwa angiotensini ya pili, na hiyo ndiyo yenye nguvu. Hubana mishipa ya damu mwili mzima. Huamsha kiu kwenye ubongo. Huziamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zitoe homoni ya aldosteroni, ambayo huziambia figo zishike chumvi na maji zisiviachie. Presha inapanda na damu inafika kwenye figo. Kwa mtu mzima wa afya aliyeishiwa maji shambani, mpango huu humwokoa. Kwa mjomba, vimishipa vya figo vimeharibika, kwa hiyo figo zinaona upungufu usiokuwepo na kuendelea kuita presha ipande. Presha iliyopanda inazidi kuviharibu vimishipa vilevile, na moyo unasukuma dhidi ya mishipa iliyobana usiku na mchana hadi unachoka.

Hesabu mwenyewe viungo vilivyoshiriki: figo, ini, mapafu, ubongo, tezi, mishipa, moyo. Ndiyo maana zipo dawa za presha, kama kaptoprili na enalaprili, zinazofanya kazi kwa kukizuia kile kinachotokea kwenye mishipa ya mapafu. Kaptoprili ilipatikana baada ya watafiti kuchunguza sumu ya nyoka mmoja wa Brazil inayoshusha presha ghafla, na iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1981. Dawa za kundi hilo hushusha presha na pia huzilinda figo, lakini zinahitaji damu ipimwe mara kwa mara, hasa figo zikiwa tayari zimeumia. Kuzimeza leo na kuziacha kesho, kama mjomba alivyozoea, hakumpi ulinzi huo.

Damu yake ya 8. Mwanaume mzima huanzia 13 kwenda juu, kwa hiyo 8 ni upungufu wa kweli. Mkazamjomba mpe heshima yake, anafanya anachokijua kwa mapenzi. Lakini chembe nyekundu za damu hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa, na uboho haufanyi kazi hiyo mpaka upate amri ya homoni iitwayo erithropoietini. Homoni hiyo kwa mtu mzima hutoka hasa kwenye figo. Chembe moja nyekundu huishi kama siku 120, basi kila siku zipo zinazokufa na lazima zije nyingine. Figo zikinyamaza, uboho unakaa bila amri, na hata umlishe rosela na vidonge vya madini ya chuma hadi aseme basi, damu itapanda kidogo au isipande kabisa. Na damu ikiwa chache, moyo unalazimika kupiga haraka zaidi ili oksijeni ivifikie viungo vyote. Moyo huohuo uliokwisha choka. Madini ya chuma bado yanaweza kuwa sehemu ya tiba, lakini daktari apime kwanza kama yamepungua. Hata mifupa haikuachwa nje: figo ndizo zinazoikamilisha vitamini D ili utumbo uweze kufyonza kalisi kutoka kwenye chakula.

Na chakula anachokisukumia mbali? Uchafu ambao figo zimeshindwa kuutoa unabaki kwenye damu, unabadilisha ladha mdomoni na kuleta kichefuchefu. Msimgombeze kwamba anadeka.

Macho nitayapitia haraka. Vimishipa vya nyuma ya jicho na vimishipa vya figo huharibiwa na sukari kwa namna moja. Aliyemchunguza macho alikuwa anaiona kwa macho yake ile hasara ambayo wenzake walikuwa wanaipima kwenye damu. Karatasi yake ina thamani kubwa, msiipoteze.

Sasa sukari iliyoshuka, na hapa naomba usome taratibu na umsomee kaka. Insulini hutolewa na kongosho, na kati ya viungo vinavyoiondoa mwilini ikishafanya kazi, figo ni kiungo kikubwa. Figo zikidhoofu, insulini inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Baadhi ya vidonge vya sukari, glibenklamidi hasa, navyo hukawia kutoka. Ongeza na kwamba mjomba hali chakula. Sukari itashuka tu. Kipimo cha 5 au 4 kwa mtu aliyekuwa na 15, ambaye anaendelea kumeza kidonge kilekile huku chakula hakipiti, kwangu ni dalili kwamba figo zinazidi kudhoofu. Sijaona hapo dalili ya kupona. Na kuna hatari ya karibu zaidi: asubuhi moja anaweza kumeza kidonge, akaacha uji, sukari ikashuka chini ya 4, akatetemeka, akatoka jasho jembamba, akaongea maneno yasiyoeleweka, akapoteza fahamu. Watu wa nyumbani wakiyaona hayo wanaweza kusema jini limepanda. Ikitokea na bado anaweza kumeza, apewe maji yenye vijiko vya sukari hapohapo. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni. Kesho, kabla hajameza kidonge chochote cha sukari, apimwe kwanza, na daktari aambiwe kwamba hali chakula.

Kikohozi kimenifikirisha, kwa sababu kina milango mingi na sitaki mfunge mmoja tu. Vumbi la salfa linawasha koo na mapafu kweli, wapulizaji wengi wa Tandahimba na Newala wanalijua hilo, na mjomba kama hakufunga pua na mdomo alilivuta. Lakini muwasho wa vumbi hupungua vumbi likiisha. Mlango wa pili ni maji kwenye mapafu niliyoyaeleza, na kikohozi chake huzidi usiku anapolala. Wa tatu ni vidonge: umesema vya presha vilibadilishwa mara mbili, na kundi lile la enalaprili huleta kikohozi kikavu cha kukereketa kwa baadhi ya watu. Lakini umesema pia kwamba ameviacha. Kama alikuwa anameza vya kundi hilo na kikohozi kinaendelea wiki nyingi baada ya kuviacha, basi huenda chanzo si hivyo. Wa nne ni kifua kikuu. Sukari hupunguza nguvu ya kinga ya mwili, na mwenye sukari hupata kifua kikuu mara mbili hadi tatu zaidi ya asiye nayo. Mtu anayekohoa zaidi ya wiki mbili, hali chakula na anakonda, lazima apimwe makohozi. Kipimo hicho kwenye vituo vya serikali hulipii. Ombeni kifanyike hata kama daktari ameshaona maji kwenye picha ya kifua, maana kimoja hakizuii kingine.

Nimeacha diklofenaki makusudi nije nayo peke yake, kwa sababu inaniumiza moyo kila ninapoisikia. Wakulima wetu wanainama kuokota korosho tangu alfajiri, mgongo unauma, duka la dawa liko hatua chache, na kidonge kinatuliza kweli. Kinatuliza kwa kuzuia kemikali fulani mwilini zinazoleta maumivu. Kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazoiweka wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo, hasa figo zilizokwisha dhoofu. Ukizizuia, mishipa hiyo inabana, figo zinakosa damu, chumvi na maji vinabaki mwilini, presha inapanda, na vidonge vya presha vinapoteza sehemu ya nguvu yake. Dawa anayoiona peke yake inafanya kazi huenda ndiyo inayomsukuma chini kila siku. Ibuprofeni ni ya kundi hilohilo. Aache leo. Mgongo ukiuma, parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwa figo zake, na hata hiyo daktari aambiwe. Nina tumaini katika hili: madhara yanayotokana na vidonge hivi, yakikatizwa mapema, mara nyingi figo hujirudi kwa kiasi fulani.

Lita ya maji ya asubuhi nayo isimamishwe mpaka daktari aseme. Figo zenye afya hufurahia maji. Figo zisizoweza kuyatoa, pamoja na moyo usioweza kuyasukuma, huyapeleka mapafuni. Daktari atawaambia anywe kiasi gani kwa siku, na kipimo hicho kihesabu chai, uji, mchuzi na rosela.

Chumvi ipungue sana. Ng'onda na dagaa wa chumvi viondoke kwenye sahani yake kwa sasa. Samaki mbichi apikwe na ndimu, tui kidogo na nyanya, bila kidonge cha mchuzi kutoka dukani, kwa sababu kidonge hicho kina chumvi nyingi mno. Najua ni vigumu kumnyima mtu wa pwani ng'onda wake. Mkazamjomba akielezwa sababu, atapata njia ya kumpikia.

Kuhusu kaka yako. Usimbishie mbele ya watu, na usimdharau mganga wake. Ameona jambo la kweli: haiwezekani mambo mengi namna hii yakatokea kwa mtu mmoja bila kuwa na asili moja. Hapo yuko sahihi kabisa. Sisi tunatofautiana naye kuhusu asili hiyo ni ipi. Kwamba viungo hufanya kazi kwa kupokezana si fikra ya jana. Tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus, aliandika mwaka 1242 kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni kuchanganyika na hewa, ndipo ikarudi upande wa kushoto. Mwambie kaka kwamba ugomvi wa mpaka wautatue kwa wazee, na dua ziendelee, lakini dawa za kunywa za mganga zisimame kwa sasa. Chochote kinachomezwa, cha duka au cha porini, kinapita kwenye ini na figo kabla hakijatoka, na figo za mjomba hazina nafasi ya kupokea kitu kisichojulikana kipimo chake. Mtafutie kaka kazi pia. Yeye ndiye awe mshika mfuko wa karatasi. Mtu aliyechoka kwa kutosikilizwa hutulia akipewa jukumu.

Mfuko huo uwe na kila kitu: madaftari yote, majibu ya vipimo, karatasi ya macho, na maboksi ya vidonge vyote, vilivyoachwa na vinavyomezwa, diklofenaki ikiwemo, hata chupa ya mganga. Mkifika kwa daktari umwage mezani, kisha umuulize swali moja: “Haya yote yanahusianaje?” Omba wapime kwenye damu kreatinini, yaani uchafu unaoonyesha figo zinachuja kiasi gani, na madini ya potasiamu, protini kwenye mkojo, wingi wa damu, na ultrasaundi ya figo na ya moyo kama ipo. Potasiamu msiikubali iachwe hivihivi, kwa sababu figo zisipoitoa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo mpaka yakasimama, na mgonjwa asihisi lolote kabla.

Uliuliza waanze kutibu lipi. Wataanza na pumzi, yaani kuyatoa maji yaliyozidi, pengine kwa sindano ya kukojoza. Kisha presha, na sukari kwa dozi inayolingana na figo alizonazo sasa. Damu itafuata. Zipo sindano za ile homoni ya figo, na daktari ndiye atakayesema kama zinamfaa na lini. Wakisema figo zimefika mahali pa kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine, msikimbie kabla hamjauliza kreatinini ni ngapi, kama kuna kinachoweza kurekebishwa kwanza, na bima yenu inagharamia nini. Wakiwaandikia rufaa ya hospitali ya mkoa ya Ligula, Mtwara, au ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, nendeni siku hiyohiyo. Dar es Salaam iwe ni kwa sababu daktari ameiandika, maana safari ya basi ya usiku kucha kwa mtu asiyeweza kulala chali ni hatari yenyewe.

Neno moja kuhusu mama yako. Yeye na mjomba ni tumbo moja, na presha na sukari hutembea kwenye familia. Hujaniambia kama amewahi kupimwa. Kesho mkimsindikiza mjomba, mchukueni naye. Apimwe presha, apimwe sukari kabla hajanywa chai, na apimwe mkojo kama una protini. Wewe na kaka yako pia mkae kwenye benchi hilohilo. Kisha niandikie majibu ya mjomba, hasa kreatinini na potasiamu, nami nitakueleza yana maana gani.